Gharama ya Kukaa Chini: Namna ya Kurekebisha Pikipiki ya Kruza

Mwenye kruza akiuliza afanye nini ili mgongo upate nafuu na pikipiki imtii kwenye kona, hupewa majibu yanayopigana. Huyu humwambia abadilishe siti. Yule humwambia siti ni kupoteza fedha, aweke shokapu ndefu. Wa tatu humtaka aweke fupi ili akae chini zaidi. Wa nne huapa kwamba dawa ni usukani wa juu, na wa tano humwonya asiguse chochote kwa kuwa kiwanda kimeshapima kila kitu. Juu ya mabishano hayo imejengeka imani kwamba starehe na udhibiti ni mahasimu, ukiongeza hiki unapunguza kile. Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.

Imani hiyo ina ukweli mdogo kuliko inavyodhaniwa. Katika kruza, starehe na udhibiti mara nyingi hukaa upande mmoja, na hasimu wao wa pamoja ni kimo, yaani uamuzi wa kuifanya pikipiki iwe ya chini kabisa. Asiyeliona hilo hununua vipuri vingi na kubaki na maumivu yale yale.

## Umbo hili lilitoka wapi

Kruza ni mzaliwa wa Marekani. Siti iko chini, miguu imetangulia mbele, usukani unamfuata mpandaji kifuani, injini ina nguvu hata ikizunguka polepole, na gurudumu la mbele liko mbali na la nyuma. Umbo hilo halikutokana na uchunguzi wa mgongo wa binadamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kimarekani walizipunguza uzito pikipiki zao za Harley-Davidson kwa kung'oa madigadi na kila kisichohitajika. Miaka ya 1960 mafundi wakarefusha shokapu za mbele na kuilaza shingo ya fremu, na filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ikaitangaza sura hiyo duniani. Kiwanda cha Harley-Davidson kikawafuata wateja: Super Glide ilitoka mwaka 1971, kisha Low Rider mwaka 1977. Wajapani nao wakaingia sokoni kwa mpangilio huo huo, Yamaha kwa Virago mwaka 1981 na Honda kwa Shadow mwaka 1983.

Kilichotokea upande wa nyuma wa pikipiki hizo kinaeleza mengi. Harley-Davidson kubwa zilipata shokapu za mbele za mafuta mwaka 1949, lakini za nyuma zilisubiri hadi mwaka 1958. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na springi za siti ndizo zilizomwokoa mpandaji. Ajabu ni kwamba wapenzi wa kruza waliendelea kuitamani sura ya wakati ule wa mateso. Katika matoleo ya mwaka 1984 kampuni iliwaletea Softail, iliyotokana na ubunifu wa mhandisi Bill Davis. Shokapu zake zipo, ila zimefichwa chini ya pikipiki ili nyuma ionekane haina kitu. Mbunifu wa kruza akawa na kazi mbili: kumlinda mpandaji, na kuficha kwamba anamlinda. Mara nyingi kazi ya pili ndiyo iliyopewa nafasi kubwa.

## Kimo kinalipiwa mara tatu

Ukaaji wa chini una faida ya kweli. Mpandaji mfupi hukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, na chuma cha kilo 250 au 300 hushikika kwa urahisi kwenye foleni na kwenye maegesho. Kwa wengi, bila kimo hicho kusingekuwa na pikipiki ya kupanda. Lakini faida hiyo hulipiwa, na hulipiwa mara tatu.

Malipo ya kwanza ni nafasi ya shokapu kubonyea. Gurudumu la nyuma la Harley-Davidson Iron 883 lina takriban milimita 41 tu za kupanda na kushuka. Mpandaji anapoketi, springi hubonyea kwanza kwa uzito wake, na kanuni ya mafundi ni kulenga robo hadi theluthi ya nafasi yote. Theluthi ya 41 ni karibu milimita 14. Zinabaki 27 za kupokea kila shimo na kila tuta. Zikiisha, shokapu hugonga mwisho wake na pigo zima hupanda kwa mpandaji.

Malipo ya pili ni mkao. Mwenye pikipiki ambayo vikanyagio vyake viko chini ya siti hujiinua kidogo aonapo shimo, na magoti yake yakawa shokapu za ziada. Wa kruza, miguu ikiwa imenyooka mbele, hana namna hiyo. Uzito wote umelala kwenye makalio na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Hivyo mpandaji anayezihitaji shokapu kuliko wote ndiye aliyepewa nafasi ndogo kuliko wote.

Malipo ya tatu ni pembe ya kulala kwenye kona. Fat Boy ya Harley-Davidson hukwangua lami ikilazwa kwa digrii 25 na kidogo, ilhali Honda hutaja digrii 35 kwa Rebel 1100, ambayo nayo ni kruza. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, ukiacha upana wa tairi, katika kona yenye nusu kipenyo ya mita 50 digrii 25 zinamruhusu mpandaji kupita kwa kilomita 54 kwa saa, na digrii 35 kwa kilomita 67 hivi. Tofauti hiyo si ya kushindania mbio tu. Ni akiba ya yule aliyekuta kona inabana kuliko alivyotarajia. Kinachogusa kwanza kwa kawaida ni kikanyagio, ambacho hukunjika. Kinachofuata ni fremu au ekzosi, ambavyo havikunjiki na vinaweza kulinyanyua gurudumu.

Malipo haya yana uhusiano. Shokapu inapobonyea hadi mwisho katikati ya kona, mgongo hupigwa na pembe ya kulala hupungua kwa wakati mmoja. Upungufu mmoja wa milimita umeharibu starehe na udhibiti pamoja.

## Hoja ya kwanza: anza na mwili

Wenye hoja hii husema mtazame mpandaji kabla ya kushika spana. Mwili hukutana na pikipiki mahali patatu, makalio, viganja na nyayo, na umbali kati ya sehemu hizo ndio unaoamua safari ya saa mbili itakuwaje. Usukani ulio mbali humvuta mabega. Vikanyagio vilivyo mbele mno huirudisha nyonga nyuma hadi kiuno kikapinda. Siti inayoibeba vizuri mifupa miwili ya makalio kwa godoro gumu kiasi huishinda siti laini, kwa kuwa ulaini hupendeza dukani, kisha baada ya saa moja godoro limelala na mifupa imefika chini.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba mabadiliko yake ni ya bei ya kati, hufungika na kufunguka, na faida yake huonekana siku ile ile. Kawasaki waliikubali walipotoa Vulcan S ya mwaka 2015, ambayo vikanyagio vyake hupangwa katika nafasi tatu na mnunuzi huweza kupata siti na usukani wa vipimo tofauti. Udhibiti nao hufaidika. Vikanyagio vikirudishwa nyuma kidogo, miguu hupata pa kusukumia. Usukani ukipanuliwa kiasi, mikono hupata nguvu ya kuigeuza pikipiki nzito.

Udhaifu wake uko pande mbili. Kwanza, haigusi chanzo cha pigo. Hulipunguza tu lilipokwisha kufika. Pili, hurahisisha kupita kiasi. Usukani unaoinua viganja juu ya mabega huleta ganzi mikononi na kukifanya kifua kipokee upepo wote, na baadhi ya majimbo ya Marekani yameuwekea kikomo cha urefu. Waya wa klachi na paipu ya breki lazima virefushwe pia, la sivyo vitavutika usukani ukikatwa hadi mwisho. Kioo cha mbele kina hesabu yake: ukingo wake ukiishia mahali pabaya, upepo unaopita juu yake huitikisa kofia. Kinga ya upepo iliyofungwa kwenye shokapu za mbele, kama ya Street Glide, huongeza uzito ambao mikono huuzungusha kila inapokata kona. Iliyofungwa kwenye fremu, kama ya Road Glide, huuacha usukani huru.

## Hoja ya pili: anza na shokapu

Kundi la pili husema siti nzuri juu ya shokapu mbovu ni mto juu ya jiwe. Hatua yao ya kwanza haina gharama: kupima springi inabonyea kiasi gani mpandaji akiketi, kisha kuikaza au kuilegeza. Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Kukaza springi hakuifanyi iwe ngumu zaidi; kunabadilisha tu kimo ambacho pikipiki inakaa. Springi nyepesi kwa mtu mzito itabaki nyepesi hata ikikazwa hadi mwisho, na dawa yake ni springi nyingine.

Upande wa mbele, kruza nyingi za bei ya chini zina shokapu ambazo mafuta yake hupita kwenye matundu yasiyobadilika. Breki ikikamatwa, mafuta hupita bila shida na pua ya pikipiki huzama. Gurudumu likigonga ukingo mkali, mafuta hayawahi kupita na shokapu hukakamaa. Shokapu ile ile inakuwa laini mno na ngumu mno kwa wakati tofauti. Fundi anayeweka mafuta mazito peke yake huponya kuzama na kuzidisha kukakamaa. Tiba kamili ni springi inayolingana na uzito, mafuta mapya ya uzito unaofaa, na vali zinazofunguka kadiri ya pigo.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inatibu chanzo, na faida yake huenda kwa mgongo na kwa kona pamoja. Udhaifu wake ni bei, haja ya fundi anayeelewa, na kimo. Shokapu ndefu za nyuma hupandisha siti, na stendi ya pembeni huiacha pikipiki imeinama zaidi. Kwa mpandaji mfupi, sentimita mbili na nusu zinaweza kuwa tofauti kati ya kusimama salama na kuanguka kwenye taa za barabarani. Malalamiko haya si ya kupuuzwa.

## Hoja ya tatu: anza na matairi na shingo

Wa tatu huangalia jiometri. Pembe ya shingo katika Softail nyingi ni digrii 30, wakati pikipiki za mbio hukaa karibu na 24. Shingo iliyolala zaidi hutuliza pikipiki kwenye barabara iliyonyooka, lakini kwenye mwendo mdogo gurudumu la mbele hutaka kuangukia upande, na kugeuka huhitaji nguvu. Anayeishusha nyuma huilaza shingo zaidi bila kujua. Anayeipandisha nyuma kwa milimita 25, kwenye pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana kwa mita 1.6, huipunguza pembe hiyo kwa karibu digrii moja, na wepesi huhisika mara moja.

Katika matairi, wenye hoja hii wana haki kuliko makundi mengine yote. Raba mpya yenye upepo sahihi huweza kufanya kazi ambayo vipuri vya bei kubwa haviwezi. Tairi pana la nyuma linalopendwa kwa sura yake, mfano milimita 240, huwa na kasoro ya asili: pikipiki inapolala, mahali tairi linapogusa ardhi husogea mbali na mstari wa kati, hivyo inabidi ilale zaidi kwa kona ile ile. Na kwenye kruza, kulala zaidi ndiko kusikokuwepo. Wapo wanaofunga tairi la gari nyuma kwa sababu hudumu. Ukingo wake wa mraba haukuumbwa kulala, na watengenezaji wa matairi hawaungi mkono matumizi hayo.

Udhaifu wa hoja ya tatu ni kwamba jiometri haisamehi kubahatisha. Kuzipandisha shokapu za mbele ndani ya shingo ili pua ishuke huleta wepesi wa haraka, ila hula nafasi ya chini na huweza kuondoa utulivu kwenye mwendo mkubwa.

## Hoja ya nne: acha ilivyo

Wa nne hukumbusha kwamba kila badiliko huvuta jingine, na kwamba dhamana na bima huweza kutiliwa shaka. Wana hoja nzito zaidi: mengi yanayolaumiwa kuwa ni ubovu wa muundo ni uchakavu. Beringi za shingo zilizolegea, bushi zilizokufa, mafuta ya shokapu yasiyobadilishwa kwa miaka, tairi lililolika katikati hadi likawa bapa. Kila kimoja huifanya pikipiki iyumbe. Kuweka kipuri kipya juu ya uchakavu ni kulipia ugonjwa ubaki.

Lakini wanaposema kiwanda kimepima kila kitu, wanasahau kilimpimia nani. Kiwanda humpimia mtu wa wastani, na humpimia pia mnunuzi anayeketi kwenye siti dukani kwa dakika tano. Viwanda vyenyewe vimebadili mawazo. Katika Street Glide na Road Glide za mwaka 2024, Harley-Davidson iliongeza nafasi ya shokapu za nyuma kwa nusu, ikafika milimita 76. Kama kipimo cha awali kingekuwa cha mwisho, kisingeguswa.

## Kupima hoja

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka mahali pasipotarajiwa. Oktoba 2020, katika uwanja wa Laguna Seca, California, yalifanyika mashindano ya kwanza ya King of the Baggers, ambapo kruza nzito za safari ndefu, zenye masanduku pembeni, zilishindanishwa. Tyler O'Hara alishinda kwa Indian Challenger. Timu zilizipandisha juu pikipiki hizo, zikazipa shokapu bora na matairi yanayoshika, na vitu vya uzito ule vikapita kwenye kona kwa namna ambayo kruza ya dukani haiwezi. Pikipiki ya mashindano si ya kwenda nayo kazini, lakini somo lake halibadiliki: uzito wa kruza haukuwa kikwazo kikuu. Kimo kilikuwa.

Tukizipima hoja kwa kipimo hicho, ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu milimita za shokapu hulipa pande zote mbili. Ya tatu inaifuata kwa upande wa matairi, na inapaswa kuogopwa kwa upande wa shingo. Ya kwanza ni ya lazima kwa mwenye maumivu ya mabega, viganja au nyonga, lakini haitoshi kwa mwenye kupigwa mgongo. Ya nne ni sahihi kama hatua ya kuanzia na si sahihi kama hatua ya kumalizia.

Linabaki pingamizi la mpandaji mfupi, na hapa suluhisho hupatikana kwenye siti badala ya shokapu. Kufika kwa miguu chini hakutegemei kimo peke yake. Hutegemea pia upana wa siti kati ya mapaja. Siti iliyochongwa ikawa nyembamba mbele na pana nyuma humrudishia sehemu kubwa ya alichopoteza, bila kuinyima pikipiki nafasi ya kubonyea. Anayefunga shokapu fupi kwa ajili ya miguu ananunua sekunde chache za kusimama kwa bei ya saa nzima za kwenda.

## Katika barabara zetu

Hesabu ya kimo huwa kali zaidi hapa Afrika Mashariki. Barabara kuu nyingi hupita katikati ya vijiji na masoko, na kila penye watu pana matuta. Kruza iliyoshushwa hukwaruza tumbo juu ya tuta ambalo pikipiki ya bodaboda hulipita bila kufikiri. Lami inapoisha, nafasi ya milimita 41 huisha nayo. Tena mafundi wetu wamezoea kuimarisha nyuma kwa ajili ya mizigo na abiria, na springi ya mzigo chini ya mtu mmoja haibonyei vya kutosha. Mwenye kruza amweleze fundi uzito wake, kama hubeba abiria, na njia anazopita, kabla ya kutaja kipuri.

## Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu kruza unatokana na kuuliza swali lisilo sahihi. Watu wanachagua kati ya starehe na udhibiti, ilhali uchaguzi halisi ni kati ya hivyo viwili na ukaaji wa chini. Utaratibu unaofuata ni huu: kwanza uchakavu uondolewe na upepo wa matairi upimwe, pili springi ipimwe kwa uzito wa mpandaji, tatu siti, usukani na vikanyagio viufuate mwili, nne shokapu bora zinunuliwe, za nyuma na za mbele kwa uwiano, na shingo iguswe mwisho, au isiguswe. Anayependa sura ya chini ana haki nayo, mradi ajue kwamba anailipia kwa mgongo wake na kwa pembe ya kona zake. Anayetaka kwenda mbali aanze kwa kuongeza milimita chache chini yake.